Arobaini na Saba Haipo Ukutani

Namba iliyokosekana ilikuwa arobaini na saba. Mwalimu Makofi aliigundua kabla hata hajatua mkoba wake, asubuhi ya siku ya kwanza baada ya likizo, uwanja wa shule ukiwa bado na umande. Ukuta wa nje wa darasa la pili, ambao miaka yote ulikuwa na rangi ya vumbi na alama za mipira, sasa uling'aa kama sahani mpya. Vyumba mia moja vilikuwa vimechorwa kwa uzi uliovutwa, kumi kwenda pembeni na kumi kwenda chini, na ndani ya kila chumba kulikaa namba nono ya buluu. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko namba zote, paliandikwa: MSAADA WA MWENYEKITI WA KAMATI YA SHULE.

Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akafika wa tano. Arobaini na sita. Arobaini na nane. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Arobaini na nane ilikuwa palepale, imetulia kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake na hana habari. Kuanzia hapo kila namba ilikuwa imesogea chumba kimoja, na kwenye chumba cha mwisho kabisa, ambapo mia ilipaswa kufunga kazi, mchoraji alikuwa ameweka ua jekundu lenye majani mawili.

"Ukuta umependeza, sivyo, mwalimu?" alisema mlinzi wa geti, aliyekuwa akifagia karibu.

Mwalimu alikaza mkoba begani. Alihofia kufungua mdomo.

Ukuta ule alikuwa ameuomba kwa miaka sita, na hakuuomba uwe pambo. Kwa mtoto wa miaka saba, kuhesabu kwa kuruka ni kitu cha kuona kabla ya kukisema. Chati ya mia ikikaa sawasawa, kumi na ishirini na thelathini zinashuka upande wa kulia kama kamba iliyoning'inizwa. Tatu zinateremka mshazari kuelekea kushoto. Tisa zinashuka ngazi moja moja, na mtoto anayeziona kwa mara ya kwanza hucheka peke yake. Lakini kwenye ukuta huu, aliyeshuka na kumi angetoka arobaini akaangukia hamsini na moja, kisha sitini na moja, na kwenda mbele angejikuta ameshika ua. Aliyeshuka na tano angekwenda salama hadi arobaini na tano, halafu hamsini na sita. Yaani mchoraji angeacha ukuta mtupu ingekuwa nafuu.

Jina la Makofi alipewa na watoto, na lilimletea taabu. Mzazi mgeni akisikia mwanawe anafundishwa na Mwalimu Makofi, alikuja shuleni amekunja mikono ya shati tayari kwa ugomvi, mpaka aelezwe kwamba makofi yenyewe ni ya viganjani. Watoto walihesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, na kwenye tatu wakapiga kofi kwa pamoja. Nne, tano, kofi. Saba, nane, kofi. Darasa la watoto sabini na moja likipiga kofi kwenye thelathini, njiwa waliruka kutoka kwenye paa. Hakuwahi kumgusa mtoto shavuni. Ila ulimi wake ulikuwa moto, na walimu wenzake walijua wapi pa kupita anapokuwa na neno rohoni.

Hesabu za kuruka alijifunza kwenye ngazi. Mama yake alikuwa mfagizi katika hospitali ya ghorofa nne, na yeye, mtoto wa tano kati ya wanane, alikuwa akimpelekea chakula cha mchana. Ngazi zilikuwa na vidato tisini na sita. Alizipanda mbili mbili zikaisha vizuri, akazipanda tatu tatu zikaisha vizuri, na miguu ilipokua ndefu akazipanda nne nne. Lakini tano tano, hata akijishikilia kwenye reli na kujirusha, zilimwachia kidato kimoja juu. Jambo hilo lilimkera hadi akalia. Alikwenda kumuuliza mwalimu wake kwa nini, naye akamwambia kaa chini, usisumbue. Siku hiyo, akiwa na miaka tisa, ndipo alipoamua kwamba atakuwa mwalimu ili amwonyeshe mwalimu yule jinsi ya kujibu.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, ishirini na sita kati ya hiyo kaitumia kwenye darasa la pili, na alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu msafi, mwenye mafaili yaliyopangwa kwa rangi, asiyependa sauti kubwa kabla ya saa nne.

"Mkuu, ukuta una kosa. Arobaini na saba haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo. Imerukwa. Na zote zinazofuata zimehama."

Mkuu alitabasamu. "Namba moja tu, mwalimu? Nilidhani umekuja kushukuru."

"Mkuu, shati ukikosea kifungo kimoja, unavaa hivyohivyo unakwenda kazini?"

"Tuna sherehe ya kuuzindua baada ya wiki mbili. Mgeni rasmi anakuja. Mwenyekiti ametoa rangi dukani kwake mwenyewe na kamleta mchoraji mwenyewe. Sasa mimi nimwendee nimwambie msaada wake una kasoro?"

"Ndiyo. Au nimwendee mimi."

"Wewe usiende popote," alisema mkuu, na kwa mara ya kwanza tabasamu likamtoka. "Baada ya sherehe tutaangalia."

Ile "tutaangalia" aliifahamu. Paa la choo lilikuwa likiangaliwa kwa mwaka wa tatu. Alitoka akaubamiza mlango, halafu akarudi akaubamiza tena kwa sababu mara ya kwanza haukufunga vizuri.

Darasani alijaribu kufanya kana kwamba ukuta haupo, lakini watoto walikuwa wameshauona. Kasichana kamoja ka dawati la mbele, ambako wenzake walikaita Kiroboto kwa kuwa hakatulii, kaliomba kuhesabu kumi kumi. Kalisimama, kakafumba macho, kakasema kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na moja.

"Hamsini," alisema mwalimu.

"Hamsini na moja, mwalimu. Iko ukutani."

"Ukuta umekosea."

Kiroboto kalimtazama kwa huruma. "Mkuu alisema kwenye mstari wa asubuhi ukuta ni mzuri. Alisema tuutumie."

Darasa zima likageuza shingo kumwangalia yeye, macho sabini na moja mara mbili, wakipima nani mwongo kati ya mwalimu na ukuta. Alihisi masikio yakiwaka. Ukuta ulikuwa na rangi, ulikuwa na jina la mwenyekiti, na ulikuwa mrefu kuliko yeye. Alichukua chaki akaandika namba zote mia ubaoni kwa mkono wake, na vumbi la chaki likamwingia puani, na hadi kengele inalia alikuwa hajafundisha kitu.

Alirudi kwa mkuu siku ya tatu, akarudi siku ya tano. Alipigwa danadana. Alibandika karatasi za manila juu ya namba zilizokosewa. Kesho yake akazikuta zimekunjwa vizuri mezani kwake, na kikaratasi kinachosema mapambo yoyote yapate kibali.

Nyumbani sufuria ndizo zilizopata taabu. Mumewe, fundi bomba asiye na haraka ya maneno, alikuwa amekaa mlangoni akisafisha koki ya mteja kwa msasa.

"Hiyo sufuria nayo imeruka namba?" aliuliza.

"Usinichezee leo."

"Sichezi. Nauliza tu. Umemwendea mkuu mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mkuu ana brashi?"

Alimkata jicho.

"Mimi bomba likivuja," alisema mumewe, "simtafuti mwenye nyumba. Namtafuta aliyelifunga. Mchoraji umemwona?"

Hakuwa amemfikiria. Wiki nzima alikuwa amemchukia mtu yule bila kumjua, akimwita mzembe, akimwita kipofu, na haikumpitia akilini kwamba anakaa mahali fulani na anaweza kuulizwa. Alizima jiko, akaketi, akala kwa hasira chakula alichokipika kwa hasira.

Jumamosi asubuhi alimtafuta. Nyuma ya soko palikuwa na safu ya karakana za mabati, na ya mwisho ilijaa mabango yaliyoegemezwa: saluni, gereji, kliniki ya meno, na moja lenye onyo kali la kutokojoa hapa, lenye herufi nzuri mno kwa kazi yake. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu alikuwa amechuchumaa akichora namba za simu za kliniki. Alizichora polepole, akitazama karatasi, bango, karatasi, kama anachora uso wa mtu.

Aliinua kichwa. Brashi ikasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechora ukuta wa shule?"

"Ndiyo mimi." Akainuka akitafuta kitambaa cha kufutia mikono. "Karibu kiti. Hunikumbuki. Ulinifundisha darasa la pili. Nilikaa nyuma, karibu na lile dirisha lililopigwa mbao."

Alilikumbuka dirisha. Mtoto mwenyewe hakumkumbuka. Na kwa kuwa hakumkumbuka, alizidi kuwa mkali.

"Kama nilikufundisha, niambie. Baada ya arobaini na sita inakuja nini?"

Mchoraji alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwalimu hacheki. Akatazama chini. Midomo yake ilicheza bila sauti, ikaanzia mbali, ikapotea njiani.

"Nilipewa karatasi," alisema mwishowe. "Mwenyekiti alinitolea kwenye kitabu." Akaingia ndani akarudi nayo. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kubebwa mfukoni, na pale mikunjo ilipokutana karatasi ilikuwa imechubuka hadi nyeupe. Arobaini na saba ilikuwa imefutika humo kwenye mkunjo. "Hapa niliona mkunjo tu, nikaruka. Mwisho kikabaki chumba kimoja, nikaweka ua."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikasema labda ndivyo zilivyo."

"Ndivyo zilivyo vipi? Mtu mzima, unachora namba kila siku..."

"Nachora, mwalimu. Sisemi nazijua." Aliweka karatasi juu ya kopo la rangi. "Darasani nilikuwa nafumbua mdomo. Wenzangu wanasema mbili, nne, sita, na mimi nafumbua. Makofi nilikuwa napiga vizuri sana. Nikiona mikono ya wa mbele inapanda, na yangu inapanda. Hukuwahi kujua."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo mchoraji naye akapandwa na hasira. Hakuinua sauti, lakini shingo ilimvimba. "Nimwambie nani? Tulikuwa tisini na tatu. Ulikuwa ukisimama mbele unasema vizuri sana darasa. Darasa. Ulinipandisha la tatu, na kwenye ripoti ukaandika Anajitahidi. Baba yangu alifurahi. Aliibandika ukutani."

Neno lile Mwalimu Makofi alilijua. Alikuwa akiliandika mwisho wa mwaka, wino ukikaribia kwisha, kwa kila mtoto ambaye jina lake halikumletea sura yoyote. Ameliandika mara ngapi? Kila mwaka ishirini, thelathini. Anajitahidi, anajitahidi, anajitahidi.

"Utakuja urekebishe," alisema. "Rangi nitaleta mimi."

"Mwenyekiti ndiye anayenipa kazi. Bila neno lake sigusi."

Aliondoka bila kuaga. Njia nzima aliitafuta hasira yake ya asubuhi, ile ya kumchukia mkuu na mwenyekiti na mchoraji mzembe, akaikuta ipo, ila sasa imegeuza uso inamtazama yeye. Alipofika nyumbani mumewe alimuuliza kama amempata. Alisema amempata, akaenda chumbani akafunga mlango.

Jumatatu darasani hakukuwa na makofi. Alivuta dawati hadi kwenye kona, akawapa watoto kazi ya kuchora, akawaita mmoja mmoja. Niambie kwa mbili mbili. Sasa kwa tano tano. Sasa anzia kwenye tatu, ruka kumi. Alifanya hivyo siku nne. Watoto waliokuwa waking'ara ndani ya kelele za wenzao walifika mbele yake peke yao wakakauka. Mmoja alihesabu tano tano vizuri hadi mia, alipoambiwa aanzie kwenye thelathini na tano akasema hajui, lazima aanze mwanzo. Mwingine, mpole, anayekaa nyuma, alifumbua mdomo tu, na mwalimu akakitambua kile kitendo kama mtu anayemtambua mwizi wake barabarani. Alipomaliza alikuwa na majina kumi na tisa kwenye daftari. Kumi na tisa, na mwaka ulikuwa umefika nusu.

Alimpelekea mkuu orodha, akaomba pia kwa mara ya nne juu ya ukuta. Mkuu aliitia orodha kwenye faili la kijani.

"Baada ya sherehe," alisema.

Jumamosi ya kabla ya sherehe alimkuta mlinzi getini, akampita na ndoo, ngazi ya mumewe, kopo la rangi nyeupe lililobaki walipopaka chumba chao, na kopo dogo la buluu. Mlinzi alimuuliza kama ana kibali. "Ninacho," alisema, na hakuonyesha chochote. Alivifuta vyumba hamsini na vinne kwa nyeupe, kuanzia ile arobaini na nane iliyokaa pasipo pake hadi kwenye ua. Nyeupe ilipokauka alipanda ngazi akaanza. Arobaini na saba ilimtoka imeinama. Arobaini na nane ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwalimu, hiyo nane inaanguka."

Mchoraji alikuwa amesimama chini, mikono mfukoni. Alisema alikuwa akipita. Shule ilikuwa mwisho wa barabara isiyokwenda kokote, lakini hakumbishia.

"Basi iinue wewe."

"Nimekwambia sigusi."

"Basi acha ianguke."

Akachora hamsini. Sifuri yake ilitoka kama yai lililokaliwa. Mchoraji alivumilia hadi hamsini na mbili, kisha akatoa brashi mfukoni mwa suruali, akamwambia ashuke, mtu mwenye jina mjini hawezi kuacha kitu kama hiki ilhali watu wanajua nani aliuchora ukuta. Alifuta namba zote sita za mwalimu akaanza upya. Mwalimu alisimama chini akaanza kumtajia.

"Usinitajie," alisema bila kugeuka. "Kutajiwa nimetajiwa sana. Niambie unajuaje."

Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza mwalimu hivyo.

"Tazama juu ya hicho chumba. Panda nacho hadi kileleni. Unaona nini?"

"Thelathini na saba. Ishirini na saba. Kumi na saba. Saba."

"Mwisho wake?"

"Saba. Zote saba."

"Na mwanzo wake?"

Alitazama muda mrefu. "Moja. Mbili. Tatu." Brashi ilidondosha tone la buluu kwenye kiatu chake. "Basi hapa nne. Nne na saba."

"Na chini yake?"

"Tano na saba." Akateremsha kidole kwenye vyumba vyeupe, sita na saba, saba na saba, nane na saba, tisa na saba. Akahamia safu ya kumi, akaishuka. Akahamia ya tano. Mwalimu alingoja atabasamu kama watoto wanavyotabasamu. Badala yake mchoraji alishuka ngazini, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauangalia ukuta kama mtu aliyetukanwa nao.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Miaka yote hii nakwepa kazi za tiketi, nakwepa kazi za viti vya ukumbi, nasema nina shughuli. Mke wangu ndiye anayenihesabia mabango. Na ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," alisema tena, na hakuongeza pole, kwa kuwa aliona ingekuwa matusi.

Mchoraji alikaa pale hadi hasira ikamshuka kiasi cha kushika brashi, kisha akapanda. Alichora bila karatasi. Walikuwa wamefika mstari wa nane gari la mwenyekiti lilipoingia, mlinzi akiwa ameketi kiti cha mbele, na mkuu nyuma.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, asiyezoea kutoshirikishwa. Alishuka akiwa tayari anaongea. Nani karuhusu, nani kagusa ukuta wake, na wewe fundi, chakula unakula kwangu halafu unakuja kuniharibia?

"Mzee, mstari wa nane bado," alisema mchoraji, kana kwamba ndiko kujibu.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu Makofi, "ukuta wako ulikosewa. Kaulize ofisini niliomba mara ngapi." Akamweleza, pale pale, kuhusu arobaini na saba, na mkunjo, na hamsini na moja ya Kiroboto. Alieleza kwa sauti ambayo ilifika hadi barabarani.

Mwenyekiti alimgeukia mkuu. "Ulijua?"

Mkuu alisema alikuwa akisubiri wakati mwafaka.

Ungedhani hapo mwenyekiti angewaka upande wa pili. Alitembea hadi chini ya ukuta, akainama, akakagua maandishi ya chini. Jina la cheo chake lilikuwa halijaguswa hata kwa tone. Akanyooka.

"Hili libaki hivihivi," alisema. "Namba malizeni leo. Lakini lile ua mlilitoa kwa nini? Mke wangu alilipenda."

Siku ya sherehe mgeni rasmi alisimama mbele ya ukuta akapigwa picha, mgongo wake ukiziba kuanzia arobaini hadi sabini. Alisifu rangi. Hakuna mtu aliyezisoma namba, si mgeni, si wazazi, si walimu. Mwalimu Makofi alikaa kiti cha nyuma amefunga mikono kifuani. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na hata mtu mmoja wa kuuona, na hilo lilimuudhi kuliko kushindwa.

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Alishtakiwa kwa kubadilisha mali ya shule bila kibali na kumdanganya mlinzi, akapewa siku saba kujieleza. Alijieleza kwa mistari mitatu: ukuta ulikuwa na kosa, niliomba mara nne lirekebishwe, nimelirekebisha. Mkuu alilitia jibu kwenye faili jekundu, na ratiba mpya ilipobandikwa alijikuta amehamishiwa darasa la sita. Darasa la pili likapewa mwalimu mpya. Alimkabidhi orodha ya majina kumi na tisa mkononi, akamwambia asiipeleke kwenye faili lolote.

Mchoraji alikuja mara tatu baada ya saa za shule kutaka kujua tatu zinavyokwenda na kwa nini tisa zinashuka ngazi. Mara ya tatu waligombana, kwa kuwa mwalimu alimharakisha. Hakurudi tena. Ila miezi baadaye, kwenye mlango wa ukumbi wa mikutano, mwalimu aliuona mchoro mkubwa wa viti mia mbili, mistari na namba zake, ukiwa na ile buluu anayoijua, akasimama akaukagua wote na hakukuta kosa. Walipokutana sokoni mchoraji alimwamkia kwa heshima, na uso wake haukumlegezea.

Siku ya kwanza kwenye darasa la sita aliandika ubaoni nne, tisa, kumi na nne, kumi na tisa, na nafasi tupu. Sauti kumi zikapaza jibu kabla hajageuka.

"Sijauliza darasa," alisema. "Nitauliza mtu."

Akawatazama. Nusu yao walikuwa wamepita mikononi mwake miaka minne nyuma, wakapiga makofi, wakapanda. Aliwajua sura wale waliokuwa hodari. Wengine alihisi tu kwamba angepaswa kuwajua. Alimsimamisha binti mmoja mrefu wa dawati la nyuma, ambaye tayari alikuwa ameanza kuangalia dirishani.

"Sijui, mwalimu."

"Nilikufundisha?"

"Ndiyo."

"Nilikuandikia nini kwenye ripoti?"

Binti alimwangalia kwa mshangao, kisha kwa chuki ya waziwazi. "Anajitahidi."

Wawili watatu walicheka. Mwalimu Makofi aliwageukia, na hata yeye baadaye hakukumbuka alisema nini, ila kicheko hakikusikika tena muhula mzima. Kisha akaenda hadi kwenye dawati la nyuma akasimama pembeni ya binti, wote wawili wakiuangalia ubao.

"Usinipe jibu. Niambie unachoona."

Dakika ikapita. Ikapita nyingine. Hakumsaidia.

"Zinaishia na nne, na tisa," binti alisema, akiwa bado amekasirika. "Nne, na tisa."

"Endelea."

"Basi inayokuja inaishia na nne. Ishirini na nne. Halafu ishirini na tisa." Akakunja uso. "Hicho tu ndicho ulichotaka?"

"Hicho tu. Nilipaswa kukuuliza ukiwa na miaka saba. Kaa."

Akaenda dawati linalofuata. Walikuwa hamsini na nane, na kipindi kilikuwa kimebakiza dakika ishirini na tano.